Roketi Ilipotea, Mizigo Ikarudi

Wako wanaodhani kwamba roketi hurushwa kwa safari za mwezini tu, au kwa kuwapandisha matajiri wakaitazame dunia. Sisi twataka kusema habari ya roketi ya kazi. Tarehe 12 Septemba, 2022, magharibi ya Texas, Marekani, kampuni ya Blue Origin ilirusha New Shepard bila ya mtu ndani. Ilichukua mizigo 36 ya majaribio ya wataalamu na wanafunzi. Safari ya namna hii haiizunguki dunia; hupanda kiasi cha kilomita 100 na kurudi, na kwa dakika chache vitu hukosa uzito. Dakika hizo ndizo wataalamu wanazozilipia.

Siku ile hawakuzipata. Baada ya dakika moja hivi injini iliharibika. Papo hapo chumba cha mizigo kikajifyatua chenyewe, kikashuka salama kwa miavuli. Roketi ikaanguka na kuvunjika.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mdomo wa injini ulipata moto kupita hesabu ya mafundi, kwa sababu ya mabadiliko yao wenyewe katika njia ya kuupoza. Kosa, basi, lilikuwa la mafundi; lakini hapana budi tuseme pia kwamba waliookoa mizigo ni mafundi, wale waliounda kifyatulio kwa siku ambayo hakuna aliyeiombea ifike.

Serikali ya Marekani ilidai marekebisho 21. Hata Jeff Bezos, mwenye kampuni, na utajiri wake wote, alingoja. Tarehe 19 Desemba, 2023, roketi iliruka tena na mizigo 33, ikarudi nzima.