Bado si hapana

Banadugu, leo tuangalie neno moja tunalosema kila siku bila kulifikiria: bado.

Lilitoka mu Kiarabu, ba'du, maana yake "nyuma ya". Kwetu linabeba maana mbili zenye kupingana. "Bado analima": alianza, angali shambani. "Hayalima bado": jembe lingali mu nyumba. Mu Kifaransa ni hivyo hivyo na encore na pas encore, lakini pale ni lazima utie pas. Sisi tunajibu tu "bado", neno peke yake, na kila muntu anasikia: haijakuwa. Tena anasikia kintu ya pili: inaweza kuwa.

Hiyo ya pili njo inapotea mu kazi yetu ya agronomi. Fishi za kuulizia bakulima ziko na oui na non, basi. "Mama, ulikwisha kupanda mbegu mupya ya muhindi?" Mama anajibu: "Bado." Mwenye kuandika anatia non. Lakini mama hakukataa! Labda anangojea mvua ya mwezi wa 10, ao hana franga, ao anachunguza kwanza shamba la jirani. Jirani mwingine anasema "hapana, mbegu ile siitaki". Huyu ni muntu tofauti, na kuzungumuza naye ni tofauti. Ku fishi bote babili ni non, na kiisha ripoti inasema bakulima ba huku banakataa mambo ya mupya. Kisanduku cha tatu kingetosha. Ni mustari moja ya karatasi!

Kuna adabu pia. Ukiulizwa kama umeoa, "hapana" inasikika kali, mama mukubwa anaweza kukasirika. "Bado" inamuachia tumaini.

Lakini neno hili linajua kudanganya. Mushonaji anakuambia "bado kidogo" na kitambaa hakijakatwa. Ku gare ya Kamina, "treni bado" inaweza kuwa saa moja ao kesho.

Na sisi wenye lisansi? "Ulipata kazi?" "Bado." Mwaka wa kwanza, sawa. Lakini niko na wenzangu banaolima muhogo, banauza, banalipia badogo zao masomo, na bakiulizwa bangali banajibu bado, juu hakuna ofisi wala mushahara wa mwezi. Hapo minaona neno haliko ku mahali pake. Muhogo ukiuzwa, hiyo ni kazi.