Je, Wajua? Ahadi Ilitangulia Sheria, na Sheria Ikaitangulia Injili

Kabazi ni mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Subukia, Kaunti ya Nakuru. Katika nyanda hizi za juu, Mwadventista hushika Sabato siku ya Jumamosi, Mkorino huvaa kilemba cheupe, na kila Oktoba Wakatoliki kutoka pembe zote za Kenya hufika Subukia kuhiji kwenye kituo cha Mama Maria. Wote hukiri kwamba anayeokoa ni Mungu. Mbona basi kabla ya Injili ya neema ilitangulia Torati yenye amri tele? Haya hapa mambo ambayo huenda hukuyajua.

Je, wajua kwamba ahadi ni kongwe kuliko sheria?
Katika Wagalatia 3:17, Mtume Paulo anahesabu miaka 430 kati ya ahadi aliyopewa Ibrahimu na Torati aliyopewa Musa. Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kumwamini Mungu katika Mwanzo 15, na hakupewa agizo la tohara mpaka sura ya 17. Paulo anaushikilia mpangilio huo wa sura katika Warumi 4: kama baba wa imani alikubaliwa kabla ya tohara na kabla ya Sinai, basi hakuna awezaye kusema kwamba sheria ndiyo mlango wa kuingilia.

Je, wajua kwamba Waisraeli walikombolewa kabla ya kupewa Amri Kumi?
Fuata sura za kitabu cha Kutoka. Pasaka ya kwanza iko katika sura ya 12, kuvuka bahari katika sura ya 14, na kufika Sinai, mwezi wa tatu baada ya kutoka Misri, katika sura ya 19. Amri zinakuja katika sura ya 20, nazo zinatanguliwa na maneno ya Mungu kuwakumbusha ni nani aliyewatoa utumwani. Farao alikuwa ameshashindwa. Amri zilitolewa kwa watu huru ili wajue jinsi ya kuishi kama watu huru.

Je, wajua kwa nini basi sheria ilihitajika?
Rabi Simlai, mwalimu wa Kiyahudi wa karne ya 3, alihesabu amri 613 katika Torati: 248 za kutenda na 365 za kukataza. Paulo mwenyewe alilelewa chini ya amri hizo kama Farisayo, na hakuzidharau. Katika Warumi 7 anasema kwamba sheria ni takatifu, na kwamba asingaliijua tamaa kuwa dhambi kama amri isingalimwambia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sheria: kumwonyesha mtu hali yake. Asiyejijua kuwa amepotea hamtafuti wa kumwokoa.

Kazi nyingine Paulo aliifananisha na ile ya mtumwa wa nyumbani katika jamii za Kigiriki na Kirumi, aliyemsindikiza mtoto shuleni, akamlinda njiani na kumrudi alipokosea. Mtumwa huyo alikuwa na mamlaka ya kweli, ila mamlaka yake yalikuwa na mwisho. Mtoto alipokua, usimamizi wake ulikoma. Ndiyo maana Wakristo husema Torati ilitangulia kwa muda, ikiwaandaa watu kwa ajili ya Kristo, na kwamba haikuwekwa iokoe kwa nguvu zake.

Je, wajua kwamba mtaguso wa kwanza wa Kanisa ulihusu jambo hili?
Mnamo mwaka 49 hivi, mitume na wazee walikutana Yerusalemu, kama inavyosimuliwa katika Matendo 15. Swali lilikuwa moja: je, watu wa Mataifa walioamini ni lazima watahiriwe na kuishika Torati ya Musa? Petro alisema mzigo huo hata mababa zao hawakuweza kuubeba. Uamuzi ukawa kwamba wasilemewe, ila waepuke mambo manne: vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati.

Je, wajua kwamba aliyeeleza fundisho hili kwa kina alikuwa Mwafrika?
Augustino, aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa Annaba siku hizi. Mnamo mwaka 412 aliandika kitabu kizima kuhusu Roho na andiko la sheria. Hoja yake ni kwamba amri humwambia mtu afanye nini bila kumpa nguvu ya kufanya. Basi akishaona udhaifu wake huomba neema, na neema humwezesha kuitimiza sheria ileile. Zaidi ya miaka 1,100 baadaye, Martin Luther na Jean Calvin walichota katika kisima hicho. Calvin alitaja kazi tatu za sheria: kufichua dhambi, kuzuia uovu katika jamii, na kumwongoza aliyekwisha kuamini.

Je, wajua kwamba suala hili liliyagawa makanisa ya Wagikuyu mwaka 1929?
Kanisa la Scotland na misheni nyingine za Kiprotestanti ziliwataka waumini wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waikane tohara ya wasichana, na pia waachane na chama cha Kikuyu Central Association. Aliyekubali aliweka alama ya kidole gumba, kirore. Aliyekataa alipoteza ushirika, na mara nyingi mtoto wake alipoteza nafasi shuleni. Agano Jipya la Kigikuyu lilikuwa limetoka miaka mitatu tu kabla, mwaka 1926. Watu walilisoma na kuuliza: kidole hiki kimeandikwa wapi kuwa sharti la kuwa Mkristo?

Maelfu walijitenga, wakaanzisha shule za kujitegemea. Maskwota katika mashamba ya walowezi wa Bonde la Ufa nao wakajenga zao. Mwaka 1935 alifika Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 alikuwa amewaweka wakfu makasisi wao. Kutokana na hayo yakachipuka Kanisa la AIPCA na Kanisa la Orthodoksi la Kenya.

Ukeketaji huumiza na huua, na Kenya iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Hapo sheria inafanya kazi yake halali: kumlinda mtoto wa kike. Lakini swali la 1929 kuhusu mlango wa Kanisa lilikuwa swali la Wagalatia, na waliouliza walikuwa na haki ya kuuliza.

Je, wajua kwamba Akorino waliilipia imani yao kwa damu?
Watu wa Mungu, ambao leo tunawaita Akorino, walianza katika miaka ya 1920. Wengi wao huishika Torati katika maisha ya kila siku: huvua viatu mahali pa ibada kama Musa alivyoagizwa penye kijiti, na hufunika vichwa. Mwezi wa Februari 1934, polisi wa kikoloni waliwaua watatu wao kwa risasi katika msitu wa Ndarugu, akiwemo kiongozi wao Joseph Ng'ang'a. Mtu anaweza kutofautiana nao kuhusu nafasi ya Torati, lakini hawezi kusema kwamba utii wao ulikuwa wa juujuu.

Je, wajua ni kwa ishara gani watu walimtambua mtu aliyeokoka?
Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Waliookoka waliungama dhambi mbele ya watu, kisha wengi wakaenda kurudisha mali walizoiba. Hapa mpangilio wote uko wazi: amri ya "usiibe" ilimhukumu mtu, akamkimbilia Kristo, akasamehewa, ndipo akaitii amri iliyomhukumu.

Je, wajua kwamba makanisa yaliyopigana kwa ajili ya jambo hili yamekubaliana?
Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema kupitia imani, bila stahili yake mwenyewe, na kwamba Roho humwandaa kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati, ambayo Wapresibiteri ni sehemu yake, mwaka 2017. Kwa hiyo, Mkatoliki na Mpresibiteri wanaoishi jirani katika Subukia hawana tena sababu ya kushutumiana kwamba mmoja ananunua mbingu kwa matendo na mwingine anaidharau sheria.

Ukitaka kuona mpangilio huu kwa macho yako, soma Mwanzo 15, kisha Kutoka 20, kisha Wagalatia 3, kwa utaratibu huo. Utakuta kwamba sheria iliitangulia Injili, na kwamba neema ilikuwa imezitangulia zote mbili. Kanisa lolote, la zamani au jipya, linalomtaka mtu alipe kwanza kwa sheria ili apendwe na Mungu limeanza kusoma Biblia katikati.