Mtoto Njiti Anapotanguliza Makalio

Katika kila watoto 100 waliotimiza miezi yao tumboni, watatu au wanne hutanguliza makalio au miguu badala ya kichwa. Lakini katika majuma 28 ya mimba, kiasi cha mtoto mmoja kati ya wanne huwa bado hajageuka. Ndiyo sababu mama anayeshikwa na uchungu mapema huweza kupatwa na mashaka mawili kwa pamoja: mtoto hajakomaa, na amekaa kinyume.

HATARI YENYEWE

Kichwa cha njiti ni kikubwa kuliko kiwiliwili chake. Makalio membamba yaweza kupita katika mlango wa kizazi usiofunguka sawasawa, kisha kichwa kikanasa. Dakika chache hutosha kumkosesha mtoto hewa.

Je, apasuliwe kila mama? Kumbukumbu za hospitali nyingi zaonyesha kuwa watoto waliotolewa kwa upasuaji walikufa wachache zaidi. Hata hivyo, mara nyingi mama anayefika mtoto akiwa keshaanza kutoka hawahi kupasuliwa, hivyo ulinganisho huo si wa haki. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2000, wa akina mama 2,088 katika nchi 26, uliunga mkono upasuaji, lakini kwa mimba zilizotimia tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri upasuaji usifanywe kanuni kwa ajili ya unjiti pekee, hata mtoto akitanguliza makalio. Mfuko wa uzazi usiotanuka huenda ukalazimu kukatwa kwa wima, na kovu hilo laweza kupasuka katika mimba ijayo. Tabibu hana budi kumpima kila mama kwa hali yake.

FUNZO LA KIGOMA

Kati ya mwaka 1984 na 1991, Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa wa Kigoma walipunguza vifo vya wazazi kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, wakitegemea zaidi vitu vilivyokuwapo papo hapo.

Kwa njiti pia lipo lisilohitaji mtambo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kuwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu azaliwapo kulipunguza kwa robo vifo vya watoto wa kilo 1 hadi 1.8.

Ndugu wa Kagunga na Mwamgongo, mnaopita ziwani kwenda hospitali, wekeni mapema nauli na makubaliano na mwenye boti. Maji yakivunjika, damu ikitoka au mgongo ukiuma kwa vipindi kabla ya majuma 37, mama asingoje kukuche.