Kuvu Waishio Ndani ya Mikoko na Utafutaji wa Dawa

Katika mwambao wa Lindi, hususan Kilwa, ambako mikoko ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji-Mafia-Kilwa iliyotambuliwa kimataifa na Mkataba wa Ramsar mwaka 2004, majani ya mlilana na ya mkomafi, hata yale yasiyo na doa lolote, huwa makazi ya kuvu wadogo mno ambao wanasayansi huwaita endofaiti, yaani viumbe wanaoishi ndani ya mmea pasipo kuudhuru kwa dhahiri. Wengi wao hutengeneza kemikali za kuwakabili washindani, nazo ndizo zinazowavutia watafiti wa dawa.

Ili kuwapata, jani lenye afya huoshwa kwa alkoholi na kwa dawa ya klorini hadi vijidudu vya juu yake vife, kisha hukatwa vipande vidogo na kuwekwa kwenye agari, ambayo ni rojo la mwani lililotiwa virutubisho, na baada ya siku kadhaa kuvu huchomoza kwenye kingo zilizokatwa. Maji ya mwisho ya kuoshea nayo huoteshwa peke yake, kwani yakitoa kuvu, basi usafishaji haukutosha na kazi yote huanza upya. Kila kuvu hutengwa, hutambuliwa kwa vinasaba vyake na kukuzwa, mara nyingi juu ya wali, kisha kemikali zake hukamuliwa kwa kiyeyushi na kujaribiwa dhidi ya bakteria.

Mlilana umekwisha kuchunguzwa kwingineko. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kampaundi mbili mpya kutoka kwa kuvu wa jenasi Alternaria aliyetolewa kwenye mlilana wa China, ingawa nguvu yake dhidi ya bakteria sugu ilikuwa hafifu, jambo la kawaida katika kazi hii. Barani Afrika, kuvu aliyetolewa kwenye majani yaliyochumwa karibu na Kinshasa alitoa kampaundi ambayo, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 1999, ilishusha sukari katika damu ya panya wenye kisukari ilipotolewa kwa mdomo. Safari iliyofika mwisho ni ya kuvu wa majani ya mreteni, ambaye kemikali yake ilirekebishwa ikawa ibrexafungerp, dawa ya fangasi za ukeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021.

Faida kubwa kwa Kilwa ni kwamba majani machache yanatosha kuanzisha utafiti, ilhali dawa ya magome na mizizi huudhoofisha mti. Hata hivyo kuvu wengi, wakishaoteshwa mara kwa mara mbali na mti uliowalea, huacha kutengeneza kemikali ileile, hivyo mtafiti hulazimika kurudi kwenye mikoko kuchukua wengine, na mikoko iliyokatwa kwa ajili ya boriti, kuni au chumvi haitakuwa na kuvu wa kumpa.