Jongoo-bahari, mwosha mchanga wa baharini

Mu maziwa yetu ya Upemba hautamupata. Jongoo-bahari, mnyama laini mwenye umbo la tango, anaishi mu maji ya chumvi tu, sawa na ndugu yake nyota ya bahari. Lakini kazi yake tunaijua. Kule Malemba-Nkulu watu wanaosha mchanga ili kasiterite ibaki. Yeye anaumeza mchanga, tumbo linabakiza vijidudu na majani yaliyooza, halafu anautupa nyuma ukiwa safi. Chakula ni kidogo, lakini kinamutosha: hana ubongo, anatembea polepole, hata hewa anaivuta kwa nyuma (musicheke, ni kweli).

Kule Zanzibar bamama na wazamiaji wanamuokota, anachemshwa, anakaushwa, anauzwa Uchina bei kubwa. Shida iko hapa: dume anamwaga mbegu mu maji, jike anamwaga mayai, vikutane vyenyewe. Wakibaki wachache, mumoja huku, mwingine kule mbali, mayai yanapotea bure, hata kama wavuvi wamesimama. Ndiyo maana Zanzibar na Madagaska sasa wanazalisha vitoto vyake mu matangi, kisha wanavilea baharini ndani ya uzio.