DAWA YENYE SURA MBILI
Kisa cha mtafiti wa saratani ya matiti



Ndugu zetu wanafunzi na wazazi wetu wa Nyasura, sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Mtume ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake, na akatuamrisha tujitibu. Ametuonya pia kuwa anayetibu watu bila elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Kwa hiyo tuna wajibu wa aina mbili: kutafuta dawa, na kujua usalama wake. Mwaka huu tunawaletea habari za mtu aliyetumia umri wake katika yote mawili.

Dawa iliyoshindwa

Craig Jordan alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1947, akalelewa Uingereza. Alipenda kemia tangu utotoni, hata akakigeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Leeds alichunguza dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuzuia mimba zikashindwa kazi hiyo. Miongoni mwa dawa za namna hiyo ni tamoksifeni, iliyotengenezwa na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1962. Mwaka 1971 Dk. Mary Cole na wenzake wa hospitali ya Christie, Manchester, walieleza kuwa imewasaidia baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti. Jordan akaifanyia majaribio kwa panya, akagundua kuwa inazuia uvimbe wa matiti, na kwamba kuitumia kwa muda mrefu kuna faida zaidi.

Inavyofanya kazi

Mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni. Tuifananishe na ufunguo. Baadhi ya saratani za matiti zina kufuli zinazofunguliwa na ufunguo huo, na zikifunguliwa uvimbe hukua. Tamoksifeni huingia katika kufuli lakini haiifungui, na ufunguo wenyewe ukija hukuta nafasi imejaa. Ndiyo maana daktari hupima kwanza kipande cha uvimbe, kwani saratani isiyo na kufuli hizo haisaidiwi na dawa hii.

Sura ya pili

Katika miaka ya 1980, akiwa Wisconsin, Marekani, Jordan na wanafunzi wake waliwapandikiza panya uvimbe wa aina mbili, wa titi na wa kizazi. Walipowapa tamoksifeni, wa titi ulizuilika lakini wa kizazi ulikua. Dawa waliyoitegemea ilikuwa na madhara! Hawakuyaficha. Waliyatangaza mwaka 1988 ili madaktari wawaangalie wagonjwa wao.

Mwaka 1998 utafiti wa wanawake 13,388 wa Amerika Kaskazini waliokuwa katika hatari ya kupata saratani ya matiti ulithibitisha pande zote mbili. Ugonjwa ulipungua kwa karibu nusu, lakini saratani ya kizazi na kuganda kwa damu viliongezeka. Jordan alichunguza pia dawa nyingine, raloksifeni. Mwaka 2006 utafiti wa wanawake 19,747 waliokoma hedhi ulionesha kuwa nayo hukinga, na madhara yake ni machache zaidi. Jordan alifariki mwaka 2024.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tusiache dawa kwa kusikia tu kuwa ina madhara. Kwa aliyeandikiwa tamoksifeni, kwa kawaida kwa miaka 5 au zaidi, faida huzidi hatari. Lakini akitokwa na damu isiyo ya kawaida, au akivimba mguu mmoja, amwone daktari upesi. Mjamzito asiitumie.

Pili, dawa ya mtu mmoja si ya jirani yake. Kugawana vidonge si sadaka. Hapa nchini usalama wa dawa husimamiwa na TMDA, iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019, na mgonjwa aliyedhurika atoe taarifa katika kituo cha afya.

Tatu, tuache kuona aibu. Katika darasa la fiqhi tunasoma habari za hedhi na nifasi bila kificho. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi kwa nini mama afiche uvimbe wa titi mpaka uwe kidonda? Akiuona, hata kama hauumi, aende hospitali mapema. Matibabu ya saratani yanapatikana Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam.

Nanyi vijana, someni sayansi pamoja na Qur'an yenu. Na mkigundua jambo, semeni kheri yake na shari yake, kwani elimu ni amana.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.