Kuandika Insha ya Falsafa (3): Dai Lisilosemwa

Wiki iliyopita tulijifunza kueleza hoja ya mwanafalsafa kwa haki, bila kuipunja. Leo tunaingia kwenye uchambuzi, mahali ambapo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza chuoni huishiwa la kusema.

Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya alichapisha kitabu chake African Religions and Philosophy. Humo anadai kuwa katika fikra za jadi za Kiafrika, wakati ujao ulio mbali haupo. Ushahidi wake mmojawapo ni vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu: njeo zake za wakati ujao, asema, hazivuki miaka miwili.

Mwanafunzi mwenye pupa ataandika, “Sikubaliani na Mbiti.” Hapo hajachambua kitu. Atenganishe kwanza ushahidi na hitimisho, kisha ajiulize: ni nini kinachoviunganisha? Ataona dai ambalo Mbiti halitamki: kwamba watu hawawezi kuwa na dhana ya wakati ambao lugha yao haina njeo yake. Likianguka hilo, ushahidi wa vitenzi unabaki bila kazi.

Sasa alipime. Kiswahili hutumia “-ta-” ileile kwa mvua itakayonyesha kesho na kwa Siku ya Kiyama. Hatuna njeo maalumu ya mwisho wa dunia, lakini tunaufikiria.

Asiishie hapo. Mtetezi wa Mbiti atajibu kwamba Kiyama kimeletwa na dini za kigeni, na jibu hilo lina uzito. Insha inayolikwepa ni dhaifu. Lakini hata kama dhana ililetwa, lugha imeibeba bila kuhitaji njeo mpya. Basi njeo si kipimo cha fikra.

Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti kwa njia nyingine mwaka 1987, akitumia ushahidi wa Kiakan kuonyesha kwamba lugha mbili haziwezi kusema kwa niaba ya bara zima. Ni pingamizi zuri, ila ni insha nyingine. Katika kurasa tano chagua moja ulifikishe mwisho. Na usidai zaidi ya ulichothibitisha: Mbiti anategemea pia masimulizi ya jadi, ambayo hukuyagusa. Sentensi yako ya kwanza iseme hivi tu: “Hata tukikubali yote aliyosema Mbiti kuhusu vitenzi, hitimisho lake halitokani na vitenzi hivyo.”